Alivunjika mguu asubuhi, akalia jioni. Maumivu yalikuwa wapi muda huo wote?

#1 Jirani wa Kondele
Wana ukumbi, hamjambo. Binamu yangu ni mwendesha boda boda hapa Kisumu. Juma lililopita aligongwa na gari dogo karibu na Kondele, pikipiki ikamwangukia mguuni. Aliinuka, akaikokota pikipiki hadi kando ya barabara, akabishana na dereva kuhusu gharama ya matengenezo, akawapigia simu wenzake wa stejini, na muda huo wote hakuutaja mguu. Ni abiria wake aliyemwonyesha kwamba kifundo kilikuwa kimepinda na kiatu kimelowa damu. Maumivu yalianza akiwa tayari amelazwa kitandani, na yalipoanza, wodi nzima ilijua.

Mtu huyo huyo aling'olewa jino mwaka jana tukamsikia tukiwa nje ya jengo. Kwa hiyo si mtu asiyejua kuumia. Swali langu ni hili: ikiwa mfupa ulivunjika asubuhi, maumivu yalikuwa wapi hadi jioni? Yalikuwepo asiyasikie, au hayakuwepo kabisa?

#2 Sista wa Langa Langa
Pole kwa binamu yako. Mimi ni muuguzi hapa Nakuru, na majeruhi wa namna hiyo si wageni kwetu, hasa wanaoletwa kutoka ajali za barabara kuu. Kwa maoni yangu hayakuwepo. Mfupa uliovunjika hauna maumivu ndani yake. Una ncha za neva ambazo hupeleka habari kwamba kuna madhara. Habari hiyo hupitia uti wa mgongo kabla ya kupanda ubongoni, na ubongo una uwezo wa kuizuia huko huko chini. Mtu akiwa hatarini, sehemu iliyo katikati ya shina la ubongo hutuma amri kupitia neva zinazoshuka, na kwenye uti wa mgongo humwagwa kemikali zinazofanya kazi kama mofini, ile dawa kali ya maumivu, ambazo mwili hujitengenezea wenyewe. Miongoni mwake ni enkefalini, zilizotambuliwa mwaka 1975 na John Hughes na Hans Kosterlitz huko Aberdeen, Uskoti.

Hatari ikishapita, kizuizi huondoka, na kufikia hapo uvimbe nao umepamba moto. Ndiyo maana majeruhi anayetuambia kwamba yu mzima hatumwachi aende zake kabla ya kumpima kuanzia kichwani hadi miguuni.

#3 Fundi wa Kibuye
Hiyo ni adrenalini tu. Damu ikichemka hakuna kinachouma. Sioni haja ya kulizungusha jambo.

#4 Mwalimu wa Butere
Fundi, hapo naomba turekebishe. Adrenalini inayotoka kwenye tezi zilizo juu ya figo huingia katika damu, huharakisha moyo na kupanua njia za hewa, lakini ni kidogo sana inayovuka kutoka kwenye damu na kuingia ubongoni. Inayohusika zaidi na kuzuia maumivu ni ndugu yake, noradrenalini, ambayo hutolewa na neva zenyewe ndani ya uti wa mgongo. Kwa hiyo umeitaja familia sahihi, ila si yule aliyefanya kazi.

Ningependa pia kuongeza jambo kuhusu njia ambazo habari hiyo hupitia, kwa sababu zipo mbili na mwendo wao haulingani. Ya kwanza ni ya nyuzi zenye ala nyembamba ya mafuta, ambazo hupeleka habari kwa mwendo wa kati ya mita 5 na 30 kwa sekunde. Ya pili ni ya nyuzi nyembamba mno zisizo na ala, ambazo mara nyingi hazifikishi mita 2 kwa sekunde. Ukijikwaa kidole cha mguu kwenye kizingiti gizani, kwanza unasikia mchomo mkali unaojulikana hasa uko wapi. Halafu kuna nafasi fupi, ambayo mtu anaitambua kabisa na kujikaza kwa sababu anajua kinachokuja. Kisha yanafika yale maumivu mazito yanayoenea mguu mzima na kutaka kutapisha. Kutoka kidoleni hadi kwenye uti wa mgongo ni takriban mita moja kwa mtu mzima, hivyo nyuzi za polepole hutumia kama sekunde nzima kufika. Na kabla hata ya mchomo ule wa kwanza kufahamika ubongoni, mguu wenyewe umeshajivuta, kwa kuwa amri ya kuuvuta hutolewa na uti wa mgongo bila kumngoja mtu aamue.

#5 Mwana wa Sirisia
Mwalimu ametufundisha leo kana kwamba kesho kuna mtihani, nami nimefurahi. Lakini mifano yenu yote ni ya ajali, ambapo mtu anashtukizwa. Sisi Babukusu tuna mfano wa kinyume. Katika Agosti ya kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, kijana wa Bungoma anayetahiriwa anajua siku, anajua saa, anajua hata ni nani atakayekishika kisu. Hakuna kushtukizwa. Alfajiri anapelekwa mtoni, anapakwa matope ya baridi mwili mzima, anarudi nyumbani kwa wimbo, anasimama wima mbele ya ukoo wote, na hatakiwi kutikisika wala kupepesa macho. Nimelishuhudia hilo mara nyingi, na nimesimama hapo mwenyewe. Wazee wetu walijua kazi ya maji ya alfajiri na matope yale: ni ganzi.

#6 Sista wa Langa Langa
Baridi inapunguza kweli mwendo wa neva, na ndiyo sababu tunaweka barafu mahali palipoteguka. Hata hivyo, ili neva ya ngozi ifike karibu na kunyamaza, ngozi yenyewe inahitaji kupoa sana, na kati ya mtoni na uwanja wa nyumbani kijana ametembea na kukimbia kwa muda, huku matope yakipata joto la mwili. Sikatai kwamba yanasaidia. Ninakataa kwamba yanatosha.

#7 Nyar Seme
Mbona hakuna aliyeuliza kama vijana hao kweli hawaumii? Kutotikisika ni jambo moja, na kutoumia ni jambo jingine. Mwanamke anayejifungua katika chumba chenye wanawake wengine wanaopiga kelele anaweza kunyamaza kwa kuogopa aibu, na ukimuuliza baadaye atakuambia kwamba aliumia kuliko siku nyingine yoyote maishani mwake. Binamu wa Kondele hakuwa na habari ya mguu wake. Kijana wa Bungoma anayo habari yote, ila ameiziba isionekane usoni. Tusiyaweke katika kapu moja.

#8 Mwana wa Sirisia
Dada, ninakuheshimu, lakini ninazungumza kama aliyesimama. Uchungu wa kisu wakati ule ulikuwa mbali, kama kwamba ulikuwa wa mtu mwingine. Uchungu wenyewe hasa ulinijia usiku, na siku za kuosha kidonda ndizo zilizonitoa machozi, ingawa aliyekiosha alikuwa mpole na hakuwa na kisu.

#9 Mzee wa Ugenya
Vijana, sisi Wajaluo zamani hatukutahiri, lakini tuling'oa meno sita ya mbele ya chini. Kwa umri wangu niliipata desturi hiyo ikifikia mwisho, ila baba yangu na ndugu zake wote walifanyiwa. Jino hung'olewa kwa chuma, moja baada ya jingine, na kijana hulala akitazama mbingu bila kushikwa. Baba alikuwa akisema kwamba jino la kwanza ndilo lililouma zaidi ya mengine yote. Mwalimu na Sista, kama maumivu ni habari tu inayopanda, kwa nini jino la sita lipungue wakati habari ni ile ile na mdomo umezidi kuharibika?

#10 Mwalimu wa Butere
Mzee, swali lako ni zuri kuliko majibu tuliyonayo. Lipo jibu la kuanzia: maumivu makali ya mahali pamoja yenyewe huamsha ile njia inayoshuka, na kwa hiyo yanayofuata hukuta ulinzi umekwisha kusimama. Lakini nadhani kuna zaidi.

Katika Vita Vikuu vya Pili, daktari Mmarekani aitwaye Henry Beecher aliwahudumia askari waliojeruhiwa vibaya huko Anzio, Italia. Aliwauliza kama walitaka dawa ya maumivu, na takriban robo tatu yao walisema hawakuhisi haja. Baadaye aliwauliza raia waliopasuliwa hospitalini, wenye majeraha yasiyozidi yale, na wengi wao waliitaka. Beecher aliona kwamba tofauti iko katika maana ya jeraha: kwa askari, jeraha lilikuwa ruhusa ya kutoka vitani akiwa hai, kwa raia, lilikuwa mwanzo wa balaa. Kijana wa Sirisia naye anapokea jambo alilolitamani tangu utotoni, mbele ya watu anaowapenda. Binamu wa Kondele alikuwa na pikipiki ya kuiokoa. Na David Livingstone, yule mmisionari Mskoti, aliporukiwa na simba kusini mwa Afrika mwaka 1844 na kuvunjwa mfupa wa mkono, alieleza baadaye kwamba alikuwa kama mtu aliye ndotoni, bila maumivu na bila hofu, ingawa alijua kila kilichokuwa kikitendeka. Kwa yule Mskoti maana ya jeraha haikuwa njema hata kidogo, kwa hiyo hata maelezo ya Beecher hayamalizi kila kitu.

#11 Mfamasia wa Kakamega
Mwalimu, kuna jambo katika habari za Beecher ambalo husahaulika. Askari wale wale waliosema kwamba jeraha haliwaumi walilalamika kama mtu yeyote pale sindano ilipochomwa vibaya kwenye mshipa. Kama mwili ungekuwa umemwaga mofini yake kila mahali, sindano isingeuma. Kwa hiyo kuna kuchagua: habari ya jeraha inazuiwa, ya sindano inapita. Hapo nadharia ya endofini, yaani zile mofini za mwili wenyewe, peke yake inachechemea.

Hata hivyo isitupwe, kwa kuwa ina ushahidi wake. Mwaka 1978 watafiti Levine, Gordon na Fields waliwapa watu waliong'olewa meno dawa isiyo na kitu ndani yake. Baadhi yao walipata nafuu kwa kuamini tu. Kisha wakapewa naloksoni, ambayo huzuia mofini kufanya kazi, na nafuu ile ikawatoka. Maana yake ni kwamba imani yao ilikuwa imefungua kemikali halisi.

Upo na upande wa pili. Mwaka 1995 jarida la madaktari wa Uingereza lilieleza habari za mjenzi aliyerukia msumari wa sentimita 15 ukatokeza juu ya buti. Aliumia kiasi kwamba kila msumari ulipoguswa ilibidi apewe dawa za nguvu za kumtuliza. Buti lilipovuliwa, msumari ulikuwa umepita katikati ya vidole. Hakuwa na mkwaruzo.

#12 Fundi wa Kibuye
Kwa hiyo sasa tumefika pale nilipotarajia. Mnasema maumivu ni mawazo. Mtu akiumwa aambiwe ajikaze, ayafikirie vizuri, yataisha.

#13 Mama Baraka, Manyatta
Fundi, maneno hayo nimeyasikia kwa masikio yangu, na nakuomba uyaache. Mwanangu ana selimundu. Kwa wasioujua, ni ugonjwa wa kurithi, na sisi wa kanda ya ziwa tunao kwa wingi kwa sababu aliyerithi chembe hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali, kwa hiyo imedumu katika damu zetu. Aliyerithi kwa wazazi wote wawili, chembe zake nyekundu za damu hukakamaa na kupinda, zikaziba mishipa midogo, na nyama na mifupa ikakosa oksijeni. Hakuna jeraha la kuonyesha. Hakuna damu. Ngozi ya mguu ni nzuri kama ya mtoto mwingine yeyote, na mtoto amejikunja kitandani akiuma kona ya shuka, vidole vimekaza ukingo wa godoro, hataki hata blanketi limguse.

Katika kituo kimoja nilichomkimbizia usiku, niliambiwa kwamba anaigiza kwa kuwa ameizoea dawa. Alikuwa katika darasa la tatu. Mtoto wa umri ule anajua nini kuhusu kuigiza saa nane za usiku? Ninachotaka kuwauliza wataalamu ni hiki: watu huniambia kwamba kadiri anavyokua ndivyo atakavyozoea. Mbona naona kinyume, kwamba sasa anaumwa hata katika siku ambazo hana shambulio?

#14 Sista wa Langa Langa
Mama Baraka, pole sana, na asante kwa kulisema hadharani. Maumivu si mawazo kwa maana ya Fundi. Yanatengenezwa ubongoni, ndiyo, lakini kuona pia kunatengenezwa ubongoni na hakuna anayemwambia mtu kwamba mti ulio mbele yake ni mawazo.

Kuhusu kuzoea, unachokiona ni kweli na kinaeleweka. Mwaka 1983 Clifford Woolf alionyesha kwa majaribio ya wanyama kwamba uti wa mgongo wenyewe hubadilika baada ya kupokea habari za madhara kwa wingi: chembe zake huanza kuitikia kwa nguvu zaidi, kwa muda mrefu zaidi, na hata kwa mguso ambao zamani haukuwa wa maumivu. Ndiyo maana blanketi linamuuma. Maumivu yasiyotibiwa mapema hufungua njia kwa yanayofuata, na hiyo ni sababu ya kitabibu ya kutomwambia mtoto ajikaze. Mpe maji ya kutosha, mkinge na baridi, mpe dawa ya maumivu mapema bila kungoja azidiwe, na umuulize daktari wake kuhusu hidroksiyurea, ambayo hupunguza idadi ya mashambulio. Akipata homa au akashindwa kupumua vizuri, usingoje asubuhi.

#15 Mfamasia wa Kakamega
Niongezee kwa Mama Baraka: anayehitaji mofini kwa maumivu makali na kuipata kwa kipimo chini ya uangalizi si mraibu. Mwili kuzoea kipimo na mtu kutawaliwa na tamaa ya dawa ni hali mbili tofauti. Wahudumu wa hospisi, yaani vituo vya kuwatuliza wagonjwa wenye maradhi mazito, pamoja na wale wa Hospisi ya Kisumu, huitumia mofini ya kunywa kwa wagonjwa wa saratani, na watu hao hukaa, hula na huzungumza na jamaa zao badala ya kupiga kelele.

#16 Mkulima wa Molo
Nimesoma uzi wote. Mjomba wangu alikatwa mguu chini ya goti baada ya mashine ya shambani kumkamata. Mguu ulizikwa. Yeye analalamika hadi leo kwamba vidole vya mguu ule vimejikunja na kucha zinachimba wayo. Sista anasema habari hutoka kwenye ncha za neva. Hapa ncha ziko wapi?

#17 Mwalimu wa Butere
Hali ya mjomba wako ilipewa jina la kiungo cha mzuka (phantom limb) na daktari Mmarekani Silas Weir Mitchell mwaka 1871, baada ya kuwahudumia askari wengi waliokatwa viungo katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi hiyo. Wapo wanaosema kwamba neva zilizokatwa huota vinundu kwenye kigutu, na vinundu hivyo hutuma habari za uongo. Wapo wanaosema kwamba ramani ya mwili iliyo ubongoni bado inao mguu, na kwa kukosa habari zake inajaza pengo kwa maumivu. Katika miaka ya 1990 Vilayanur Ramachandran alitumia kisanduku chenye kioo: mgonjwa anatazama taswira ya kiungo kizima ikiwa mahali pa kile kilichokatwa, anakikunjua kile kizima, na baadhi yao huhisi kile kisichokuwepo kikikunjuka. Baadhi, si wote. Kioo cha kawaida kilichosimamishwa katikati ya miguu kinatosha kujaribia, na mtaalamu wa viungo anaweza kumwongoza.

#18 Mwana wa Busia
Wote mnaongea kana kwamba maumivu ni adui. Mimi nimekulia karibu na Alupe, ambako wagonjwa wa ukoma walipelekwa kwa miaka mingi, na kituo cha utafiti kikajengwa hapo. Bakteria wa ukoma huharibu neva za sehemu za mwili zilizo baridi, kama mikono, miguu na uso. Watu wengi hudhani kwamba ukoma ndio unaokula vidole. Kinachoviharibu zaidi ni mwenyewe kutoumia: anashika sufuria ya moto asijue, anatembea na jiwe ndani ya kiatu siku nzima, kidonda kinaoza, mfupa unakwisha kidogo kidogo. Siku hizi nayaona hayo hayo kwa wenye kisukari, na nyumba zenye kisukari ni nyingi kuliko zilivyowahi kuwa na ukoma. Mwenye kisukari atazame nyayo zake kila jioni, na kama hawezi kuinama, mtu wa nyumbani amtazamie, kwa sababu miguu yake haitamwambia.

#19 Mfamasia wa Kakamega
Umesema kweli. Wapo hata wanaozaliwa hivyo. Mwaka 2006 ilichapishwa habari ya familia tatu za kaskazini mwa Pakistani zenye watoto wasiohisi maumivu kabisa. Uchunguzi ulianzia kwa mvulana aliyekuwa akijichoma visu mikononi na kutembea juu ya makaa kuwatumbuiza watu barabarani, naye alifariki kabla ya kutimiza miaka 14 baada ya kuruka kutoka juu ya paa. Walikuwa na kasoro katika jeni moja inayotengeneza mlango wa sodiamu kwenye neva za maumivu, na mlango usipofunguka, neva haiwaki. Sindano ya ganzi ya daktari wa meno nayo huziba milango ya aina hiyo, kwa muda tu na mahali pamoja.

Jambo lilionekana kuwa limekwisha hapo. Lakini mwaka 2015 mwanamke mwenye kasoro hiyo alipewa naloksoni, ile ile ya majaribio ya meno niliyoitaja katika #11, na akahisi maumivu. Ikaonekana kwamba miili yao pia hutengeneza enkefalini kupita kiasi. Dawa nyingi zilizotengenezwa kuuziba mlango ule zilishindwa. Iliyofaulu, suzetrijini, iliyoidhinishwa Marekani Januari 2025, inaziba mlango jirani.

Na kwa kuwa tumegusa viumbe wasioumia: yule fuko asiye na manyoya anayeishi katika maeneo makavu ya Kenya, Ethiopia na Somalia haumwi na asidi wala na ukali wa pilipili ikipakwa kwenye ngozi.

#20 Fundi wa Kibuye
Kuku wangu nao wanadonoa pilipili kichaa kama mahindi. Nao hawana neva?

#21 Mfamasia wa Kakamega
Wanazo, Fundi, na kuku akiungua anaumia. Ukali wa pilipili hushika kipokezi ambacho kwetu sisi hufunguka pia kwa joto la nyuzi 43 hivi za Selsiasi, na ndiyo maana ubongo hudhani mdomo unaungua. Kipokezi hicho kilitambuliwa na David Julius na wenzake mwaka 1997, na mwaka 2021 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Ardem Patapoutian, aliyegundua vipokezi vya mguso. Cha ndege huitikia joto lakini hakiitikii pilipili. Ndege hula tunda, mbegu zikatawanyika salama.

#22 Jirani wa Kondele
Nawashukuru wote. Binamu amewekewa plasta na anaendelea kupata nafuu. Jamaa stejini wamemletea diklofenaki, na nyumbani alikuwa na ibuprofeni. Anauliza kama akizimeza pamoja zitamtuliza haraka zaidi.

#23 Mfamasia wa Kakamega
Asizimeze pamoja. Zote mbili hufanya kazi moja ya kuzuia utengenezaji wa prostaglandini, kemikali zinazozifanya ncha za neva kuwa kali mahali penye uvimbe. John Vane ndiye aliyeonyesha mwaka 1971 kwamba aspirini nayo hufanya hivyo. Kuziunganisha hakuongezi nafuu ya maana, ila kunaongeza hatari ya vidonda vya tumbo na madhara ya figo. Achague moja, ale kwanza, na anaweza kuongeza parasetamoli, ambayo hufuata njia nyingine, bila kupita gramu 4 kwa siku. Na maumivu yakizidi ghafla ndani ya plasta, vidole vikafa ganzi au vikabadilika rangi, arudi hospitalini saa hiyo hiyo. Maumivu ya namna hiyo hayatulizwi kwa vidonge; mguu unakosa damu.

#24 Nyar Seme
Niruhusiwe swali moja kabla uzi haujasogea. Nina mtoto mchanga, na chanjo za wiki ya sita zimekaribia. Bibi yake anasema mtoto wa umri huo haumii, analia kwa kushtuka tu.

#25 Sista wa Langa Langa
Hata madaktari wengi waliamini hivyo, na hadi miaka ya 1980 watoto wachanga walipasuliwa katika nchi tajiri wakipewa dawa kidogo mno za kuzuia maumivu. Mwaka 1987 Kanwaljeet Anand na wenzake huko Oxford walionyesha kwamba watoto njiti waliopewa dawa kamili wakati wa upasuaji walikuwa na mshtuko mdogo mwilini na matatizo machache kuliko wasiopewa. Mtoto anaumia. Mpakate, umnyonyeshe kabla ya sindano, wakati wa sindano na baada yake, na usione haya kumwomba muuguzi akungoje kidogo titi lishike. Kugusana ngozi kwa ngozi, kunyonya na utamu wa maziwa vyote humtuliza. Maji ya sukari nayo hutumika wodini kwa kazi hiyo.

#26 Mwalimu wa Butere
Mguso wa ngozi unaelezwa vizuri na nadharia ya lango ya Ronald Melzack na Patrick Wall ya mwaka 1965: nyuzi nene za mguso zikiwa na shughuli, hufunga lango katika uti wa mgongo dhidi ya habari za maumivu. Ndiyo sababu mtu hujisugua alipogonga. Michoro yao ya mwanzo imerekebishwa, lakini wazo limesimama.

Kuhusu maji ya sukari nina shaka. Mwaka 2010 watafiti wa London waliwapima watoto wachanga wakati wa kutobolewa kisigino. Waliopewa maji ya sukari walikunja uso kidogo kuliko wenzao, lakini ubongo wao, uliopimwa kwa nyaya zilizobandikwa kichwani, uliitikia mtobo kwa kiasi kile kile. Swali la Nyar Seme katika #7 linarudi hapa, na safari hii ni kwa mtu asiye na haya wala ukoo wa kumtazama: uso umetulia, je, maumivu yametulia?

#27 Sista wa Langa Langa
Mwalimu, kilichopimwa pale ni mwitikio wa sekunde ya kwanza baada ya mtobo. Sukari inaweza kuwa inafanya kazi yake juu zaidi au baadaye kidogo, mahali ambapo nyaya zile hazikufika. Hata hivyo nakubali kwamba uso si kipimo kinachotosha, wala kwa mtoto wala kwa kijana wa Sirisia. Nyar Seme, wewe mnyonyeshe.